Gari Lililopimwa kwa Mwili Wangu

Nilifanya ujinga mwaka ule, na niuseme mapema ili msomaji asije akadhani anasoma habari za mtu mwenye akili: nililala chali sakafuni, mzima wa afya, mikono ubavuni, nikamwachia mwanamume mwenzangu anipime kwa uzi kuanzia utosini hadi kisiginoni. Mimi ni fundi cherehani. Nimepima watu maisha yangu yote, na wote niliwapima wamesimama. Tena mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba anayepimwa kwa uzi akiwa amelala ni mmoja tu, yule ambaye watu wako makaburini na majembe wanasubiri kuambiwa urefu wa mwanandani, ule mfereji mwembamba wa chini anamolazwa. Nilijua hayo yote. Nililala hivyo hivyo, kwa sababu niliombwa kwa upole, na kwa sababu kulala ni kazi ambayo sijawahi kuikataa.

Aliyenipima aliitwa Kabeya. Mwezi uliopita binti yake alinipigia simu kutoka Lubumbashi kuniambia kwamba amefariki. Wakongo wa hapa Johannesburg walimwekea matanga Doornfontein, kwenye ukumbi mdogo juu ya saluni, nami nikavaa koti nikaenda, safari ambayo kwangu mimi si ndogo, maana ikipita wiki sijavuka roboti ya kona, zile taa za barabarani, sioni kama nimepoteza kitu. Nilikula kuku wao, nikasikiliza watu wakimsimulia Kabeya wa mageti, Kabeya wa grili, Kabeya aliyefunga madirisha ya nusu ya Jeppestown, mtaa wetu. Hakuna aliyelitaja lile gari. Mzee mmoja aliposikia kuwa niliishi naye nyumba moja aliniuliza kama ni kweli kwamba alikuwa anaongea na vyuma. Nikamjibu kwamba hapana, vyuma ndivyo vilivyokuwa vinaongea. Akanitazama vizuri, kisha akahamia kiti kingine. Nilirudi nyumbani, nyumba ile ile, kwa kuwa mimi sihami, nikaenda uani, nikafungua banda na kuvuta turubai.

Tulikuwa tumepanga pamoja, mimi chumba cha mbele chenye cherehani, yeye chumba cha nyuma, katika mojawapo ya zile nyumba kuukuu walizojengewa wachimba dhahabu: paa la bati, sakafu ya mbao, na korido moja ndefu inayonyooka kutoka mlango wa mbele hadi jikoni. Mchana Kabeya alichomelea mageti kwenye karakana ya mtaa wa pili. Jioni alirudi na kipande cha bomba begani. Ukutani mwa korido alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti la zamani la magari, na hapo ndipo nilipoiona dragsta kwa mara ya kwanza: gari la mbio za kunyooka, la mtindo wa kale, refu na jembamba kama shazia ya kushonea magunia, matairi ya mbele kama ya baiskeli, ya nyuma manene kama mapipa, injini imekaa uchi katikati, na dereva amewekwa mwisho kabisa, nyuma hata ya hayo mapipa, miguu kaipanua juu ya difu, lile chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma. Linakwenda mita mia nne kwa mstari mmoja, kisha basi. Nilimwambia Kabeya kwamba hilo ndilo gari pekee duniani linalonifaa, maana linatoka kidogo tu halafu linataka kurudi nyumbani. Hakucheka. Katika maisha yake yote ya ugenini alikuwa na haja moja, kulijenga gari lile kwa mikono yake na kulishuhudia likikimbia, hata mara moja tu. Uani hapakufaa, kwa sababu siku zile banda halikuwapo, na chuma ukikiacha nje Jeppestown, asubuhi hukikuti. Kwa hiyo lilijengwa ndani, koridoni, na kwa mwaka mzima tuliishi kandokando yake kama abiria waliobanwa na mzigo wa mtu.

Siku ya kupimwa ilikuwa Jumapili, adhuhuri. Jeppestown ya Jumapili ni mji mwingine: karakana zimefungwa, malori hayapo, na ukikohoa unasikia kikohozi chako kikitembea hadi kona. Kabeya aliniita. Alikuwa ananiita peti, neno la Wakongo la kumwita mdogo, ingawa alinizidi miaka michache tu. “Hii gari hawaijengake sawa zingine, peti,” alisema. “Mutu kwanza, chuma nyuma. Lala.” Alieleza kwamba mabomba ya kumzunguka dereva yanafuata mwili wake, mabega, nyonga, magoti, na kwamba mtu hawezi kujichora mwenyewe, mimi na yeye tuko sawasawa, nitamfaa. Nilimtazama mabega, mapana kama kabati. Nikajitazama yangu. Nikanyamaza, mimi, ambaye namtajia mteja saizi yake akiwa bado mlangoni, nikanyamaza na kulala. Futi yangu ya kitambaa ilikuwa ya mita moja na nusu tu, ikaniishia kwenye muundi, ndipo akachukua uzi wangu mweusi wa makoti. Baada ya uzi akachukua chaki na kunizungushia mstari mwili mzima. Chaki ilipopita sikioni ilitoa mlio ambao hadi leo nikiusikia shuleni kwa watu natoka nje.

Jirani yetu Zuhura, Mzanzibari aliyekuwa anauza vitumbua na mkate wa kumimina, alikuwa anakaa upande wa pili wa ukuta wa korido. Akaingia na sahani bila kubisha hodi, kama kawaida yake, akauliza kuna nini hapo chini. Nami, bado nimelala, nikamjibu kwamba pana maiti, dada, apite pembeni. Nilidhani nimechekesha. Aliiweka sahani sakafuni karibu na miguu yangu, akautazama uzi, akaitazama chaki. “Mtu hupimwa hivyo mara moja, Shaabani,” alisema. “Wewe umeshaitumia yako.” Akaondoka bila kwaheri. Kabeya aliuliza amesema nini, kwa sababu Kiswahili cha Zuhura kilimpita kama gari la moshi, na mimi nikamwambia amesema mkate uliwe ungali moto. Sakafu yetu ilikuwa imepakwa ile polishi nyekundu ya madebe, na chaki ikaingia ndani ya polishi. Nilisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa majivu. Nyekundu ilitoka. Mimi nilibaki.

Basi chuma kikaanza kunikulia juu. Kila jioni bomba moja likaongezeka, likikunjwa kufuata mstari wa chaki, na Kabeya akikunja aliimba kwa pua. Tulikula tumekaa kila mmoja upande wake, sahani tumezitegesha juu ya mabomba, tukibishana kila siku ubishi ule ule: yeye anaita bukari, mimi naita ugali, na mfuko wenyewe tulionunua spaza, kiduka cha mtaani, umeandikwa neno la watu wa hapa ambalo sote wawili tulilidharau. Lakini katikati ya ubishi mara nyingine tulikuwa tukinyamaza pamoja. Mabomba yalikuwa bado wazi kwenye ncha, na treni ikipita kituoni yalikuwa yanatoa mvumo mdogo, kama mtu anayefikiria kabla ya kujibu. Johannesburg imechimbwa chini, hilo kila mtu analijua, na ardhi yake hutikisika pasipo sababu. Vikombe hugongana, bati hulia, kisha kimya. Katika nyumba nyingine mtikisiko ukiisha umeisha. Kwetu ulikuwa unaendelea ndani ya chuma kwa muda, na ulikuwa unaishia kwenye kiti.

Wateja ndio walioanza kupungua. Mwanamke mmoja wa Soweto aliyeleta gauni la harusi kupunguzwa alisimama mlangoni, akasema eish, akauliza kwa sauti ya chini kama tunaweza kupimia nje ili tusimwamshe. Nikamwuliza tusimwamshe nani. Akanipa gauni kwa mkono ulionyooka. Mrundi mmoja wa suti aliruka juu ya chesisi, hiyo mifupa ya gari, kwa adabu kubwa na kuomba radhi, na hakuwa ananiomba mimi. Nami sikuwalaumu. Mabomba yale, kabla hayajapata injini wala gurudumu, hayakufanana na gari. Yalifanana na mtu aliyelala ambaye nyama yake bado haijafika.

Kiti kilikuwa kazi yangu. Ngozi haikatwi kwa kubahatisha, hivyo nilikata mfano kwanza kwa kitambaa rahisi, na kitambaa rahisi kilichokuwapo dukani kwangu kilikuwa bafta nyeupe. Msomaji wa pwani ameshashika kichwa. Naam, bafta, ile ile ya sanda. Nilikuwa nayo kwa ajili ya bitana, na nilikuwa nimeamua kutofikiri. Niliikata, nikaibana kwa pini juu ya mabomba ya kiti, nikarudi kwenye cherehani. Ilikuwa alasiri, jua linaingia kwa mlango wa mbele na kulala koridoni. Nilipoinua macho niliona bafta ikipanda, ikasimama kidogo, ikashuka. Ikapanda tena. Niliondoa mguu kwenye pedali taratibu, kama mtu asiyetaka kumkatiza mwenzake usingizi. Upepo unapita chini ya sakafu za mbao, unaingia kwenye bomba wazi, unatokea kwenye kiti. Sababu hiyo nilijipa mwenyewe na nilikuwa nayo hadi Kabeya aliporudi. Nilimweleza, yeye akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kitambaa kama daktari, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema injini itakuja Alhamisi.

Injini ilikuja, V8 iliyotolewa kwenye bakki, yaani pikapu, iliyoungua, nasi tukaibeba na watu wa karakana kuipitisha dirishani kwa mnyororo. Kiti kikapata ngozi. Kiwanja cha mbio nje ya mji kilikuwa na siku yake ya magari ya mtindo wa zamani, Jumamosi moja ya baridi, na Kabeya alikuwa amekubaliwa. Zilipobaki wiki mbili akavua koti ili aingie kwenye kiti chake. Miguu ilipita, nyonga zilipita kwa kugombana, mabega yakakataa. Alijaribu upande, akajaribu kwa kutoa pumzi yote. Hakuonekana kushangaa, na hilo lilinikera kuliko kama angelia. Nilimwambia akate mabomba ya juu ayapanue. Akaniambia wakaguzi wa kiwanja hutazama hasa mabomba ya juu ya kichwa cha dereva, na wakiona kiraka hawamruhusu mtu. Alitoka, akajifuta mikono kwa utulivu. “Basi njo wewe utapanda, peti,” alisema.

Nilikataa. Nilikataa asubuhi, nikakataa na usiku, nikakataa hata kabla hajauliza. Nilimwambia leseni ninayo kwa ajili ya kupeleka nguo Newtown, si kwa ajili ya kufa. Sikumwambia lililo kweli, kwamba kila nikipita koridoni nilipita nimeelekeza uso ukutani, kwamba nilikuwa najua ile nafasi kati ya mabomba ni ya nani na ilikuwa inasubiri kwa subira isiyo ya kibinadamu. Kabeya hakunibembeleza. Aliacha kuimba tu. Tulikula bila ubishi, na bukari akaiita ugali, siku mbili mfululizo, jambo lililoniumiza sana.

Jumapili iliyofuata alitoka, nami nikabaki peke yangu na kile kitu. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nafikiri nilitaka kujithibitishia kwamba hata mimi sienei, ili niwe na sababu nzuri ya kukataa. Nilivua viatu, nikapanda, nikaingiza miguu, nikajishusha. Nilienea. Nimevaa mashati niliyojishonea mwenyewe ambayo hayakunikaa hivyo. Mikono ilianguka mahali pake yenyewe, shingo ikapokelewa, mabomba yakanigusa mabegani pande zote mbili kwa wakati mmoja, kama watu wawili wanaokukalisha. Ndipo nilipotaka kutoka na mabega yakakataa kupanda. Nilisukuma, hapana. Na ardhi, ambayo ilikuwa na Jumapili nzima ya kuchagua, ikachagua hapo kutikisika. Vikombe viligongana jikoni. Mvumo ukaja kutoka mbele, ukapita chini ya injini, ukapita miguuni, ukanifikia kifuani na kukaa. Ulipotulia nikasikia watu wakiongea ndani ya bomba lililokuwa karibu na sikio langu.

Ilikuwa sauti ya Zuhura, wazi kama yuko mapajani mwangu. Ncha ya mbele ya chesisi ilikuwa imeegemea ukuta tuliopakana naye, upande wa jikoni kwake, na nafikiri ndiyo iliyoyaleta maneno. Lakini wakati ule sikufikiri, nilisikiliza. Alikuwa anamgombeza mtu kwamba amwache kijana wa watu, anamtia wazimu, anampitisha karibu na kaburi lake mwenyewe kila akienda kunywa maji. Aliyejibu alikuwa Kabeya. Alikuwa amekwenda kumtengenezea bawaba ya mlango.

“Nilimupima yeye sababu njo yeye atapanda,” alisema. “Tangu mwanzo. Miye, jicho ya kuume ilishakufa, moto ya kuchomelea imeimaliza. Ile ingine inaanza kufuata. Hawawezi niachilia kuendesha.”

Zuhura akamwuliza kwa nini hakunieleza.

“Ningemwambia, angeniambia anabakia nyumbani. Nilitaka tu niione ikipita, mama, kama ningali naona.”

Niliwaita. Nilitaka kuita kwa heshima, lakini mtu aliyekwama hachagui sauti. Jina la Kabeya lilitoka kinywani mwangu, likaingia kwenye bomba, likaenda; na baada ya muda ambao haukuwa wa kawaida nikalisikia likirudi kutoka mbele, kwa sauti yangu, ila ya mtu mtulivu zaidi. Upande wa pili sufuria ilianguka. Zuhura anaapa mpaka leo kwamba sauti ile haikutoka ukutani, ilitoka chini ya sakafu yake. Walikuja mbio wote wawili. Kabeya alinizungusha bega moja kama anavyozungusha bomba, nikatoka kama jino. Hakuniuliza nimesikia nini, nami sikumwambia. Jicho lake la kuume lilikuwa linanitazama kidogo pembeni ya nilipokuwa, na nikashangaa mwaka mzima niliangalia nini. Nikamwambia Jumamosi nitaendesha, lakini leo apike yeye, na akiita ugali tena sipandi.

Jumamosi ile tulilitoa kwa mlango wa mbele, likanyooka kutoka koridoni kama uzi ukitoka tunduni, tukalifunga matairi ya nyuma barabarani mbele ya nusu ya mtaa. Kiwanjani kulikuwa na umande ulioganda pembezoni mwa lami na watu waliovaa mablanketi. Kabeya aliomba asimame karibu na mstari wa mwisho, sio wa mwanzo, mahali ambapo mtu anaona gari linamjia. Ninachokikumbuka ni kidogo na hakilingani. Nakumbuka kelele ya injini kabla ya kuondoka, na nakumbuka kwamba nilipoachia klachi kelele iliisha. Watu wote walionihadithia wanasema ng'ombe wa shamba la jirani walikimbia. Mimi ndani sikusikia kitu, isipokuwa kwenye lile bomba la sikioni, pumzi, taratibu, ikipanda na kushuka, na haikuwa yangu kwa sababu yangu nilikuwa nimeibana. Kisha nikapita kitu kirefu cheusi kimesimama pembeni na mikono juu, nikajua ni yeye. Tulipokutana alikuwa analia kwa macho yote mawili, hata lile lililokufa. Nilimwuliza kama ameona. Akasema ameona watu wawili.

Alikaa nami mwaka mmoja na nusu zaidi, akarudi kwao macho yakiwa yamepofuka, na gari akaniachia kwa kuwa halikuwa na mwingine wa kumfaa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikisema sitalikalia tena. Lakini jioni ile nilipotoka matangani na kuvuta turubai, ngozi niliyoishona ilikuwa bado imeshika shimo la mabega, la nyonga, la mapaja, safi, kama mtu ametoka sasa hivi kwenda kufungua mlango. Nilivua koti. Nilishika mabomba, nikaingiza miguu, nikajishusha hadi kiunoni, na hapo nikasimama. Sikushuka wala sikupanda. Nilining'inia hivyo gizani mwa banda, mzee wa watu, nikitazama chini kwenye nafasi ambayo haikunitaka, na nikapatwa na hofu ambayo sikuwahi kuipata hata mwaka ule: kwamba yule aliyepimwa kwa uzi yumo humo kweli, amelala miaka yote, na mimi ndiye niliyebaki nje bila ruhusa.

Bi Zuhura alisikia vyuma vikilia akaja, siku hizi anatembea kwa kushikilia ukuta. Alisimama mlangoni mwa banda. Nilimweleza yote, bado nimekwama, kwamba alisema kweli siku ile ya mkate, kwamba nilipimwa na nikazikwa humu nikiwa kijana, na huyu anayeongea naye hajui ni nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo si kawaida yake. Kisha akasema: “Acha upuuzi, Shaabani. Aliyekufa ni Kabeya. Wewe umenenepa tu.”